Ukijani Unaonata

Jumamosi, 8 Machi
Mama kanikabidhi kitambaa chake leo. Zile sarafu saba za shaba! Zilikuwa mfukoni mwa Baba siku alipoanguka kazini akafa. Miaka ishirini na miwili, kila baada ya chakula cha mchana, Mama huzipapasa moja moja. Macho yake yameshakwisha, vidole ndiyo macho. Kaninong'oneza: hizi si za baba yako, zinanata, nichunguzie.

Dada alikuwa mlangoni, akaangua kicheko. Eti unaona, mdogo wangu? Miezi mitatu wimbo ni huo huo. Ijumaa anampeleka kwa daktari wa akili. Daktari akithibitisha kachanganyikiwa, Mama anahamia nyumba ya wazee. Fomu inataka saini zetu sote wawili.

Nami nikamwambia Mama: ni zenyewe, umesahau tu. Nimezichukua ili kumridhisha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimezipeleka maabara ya shule. Ndiyo faida ya kuwa mtunza maabara — asetoni siombi kwa mtu. Nilidhani ni kutu ya unyevunyevu, basi. Lakini kutu ya shaba huwa kavu, ukiikwangua inatoka unga. Ukijani huu unateleza, unaganda kwenye ukucha. Siki sikuthubutu kuitumia, inakula shaba yenyewe. Nikachovya pamba kwenye asetoni, nikasugua taratibu. Wote ukahamia kwenye pamba!

Mwalimu wa kemia kaziangalia kwa lenzi. Kasema ni plastiki hiyo: mifuko laini ikizeeka inatoa majimaji, yanaila shaba. Si kazi ya miezi, ni ya miaka. Nikamwambia hizi hazijawahi kulala nje ya kitambaa cha pamba. Kanitazama tu, kama ninavyowatazama wanafunzi wanaosema beka ya kioo imevunjika yenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Kitambaa cha sarafu hulala sandukuni mwa Mama, na ufunguo wanao wawili tu: Mama na Dada.

Jumatano, 12 Machi
Nimeenda kwa mchonga mihuri wa karibu na posta, maana huuza pia sarafu za kale. Albamu yake ni ya plastiki laini, imeshageuka njano. Ukurasa wa tatu: vifuko saba vitupu, kila kimoja kina duara la kijani.

Sikumuuliza mengi. Kamkumbuka mwenyewe aliyezinunua — mwanamke mmoja mcheshi, ana pengo, alikuja na orodha ya miaka ya sarafu na hakutaka mwaka mwingine. Karatasi anayo bado, kaifanya alama ya ukurasa! Kila namba saba imekatwa kistari katikati. Mkono wa Dada. Mimi mwenyewe naandika saba hivyo hivyo, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuandika.

Kanichezea shere. Dada yangu wa tumbo moja! Leo namchukia, acha niandike tu.

Alhamisi, 13 Machi
Dada kaja na fomu, na kalamu kabisa. Mezani nimezipanga zile sarafu, pembeni ile karatasi. Kakaa kabla hajavua viatu.

Kasema alitaka zing'ae, siku Mama alipotimiza themanini. Alizilowesha kwenye dawa ya kusafishia choo, akaenda sokoni, akasahau. Kurudi, zimelika, hata mwaka hausomeki vizuri. Alipomaliza kunakili miaka, kazitupa.

Kosa ningelisamehe! Haki ya Mungu ningelisamehe. Nikamuuliza: na huyu mama unayemwita kichaa miezi mitatu, kakukosea nini? Kasema aliona aibu. Kila siku ilivyopita, kusema kukawa kugumu zaidi. Sasa ndiyo umpeleke kwa daktari? nikapiga kelele.

Kafuta machozi kwa kiganja. Kanijibu polepole: "Mimi nilicheka tu. Aliyemwambia amesahau ni wewe. Na mtu anayemwamini ni wewe."

Naandika haya jikoni, nimesimama. Dada hajaondoka mezani, fomu iko mbele yake. Fimbo ya Mama inagonga sakafu, inakuja huku. Katusikia, ila kwamba za Baba zilitupwa hajui. Sauti yake haina hasira hata kidogo, ina furaha: "Kumbe sikukosea! Haya, mwanangu, niletee za baba yako."