Nilisimama Kwenye Mwanga

Makwale, Jumatano jioni

Si kosa la taa! Tangu mchana watu wananipa pole kana kwamba mtambo wa wanafunzi wangu umekufa.

Taa kwenye meza ya kwanza ilikuwa inawaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoona, na kifaa kwenye meza ya pili kinausoma ule mwanga na kuugeuza maneno kwenye skrini. Bila waya, bila bando. Wanafunzi wangu waliandika KARIBUNI WAZEE. Herufi zikaanza kutokea moja moja, kamati ya shule ikapiga makofi.

Ndipo akaingia mjumbe mpya. Baba mkwe. Hakuna aliyeniambia! Miaka sita ya ndoa sijakutana naye uso kwa uso. Kwao mila hiyo bado wanaishika, mke wa mtoto humpisha mzee, wasionane. Mwili ukaenda wenyewe. Nikajibanza katikati ya meza mbili, nikauziba mwanga kwa mgongo. Skrini ikagandia KARIB.

"Mwalimu, ndicho mnachotaka kupeleka maonyesho ya Mbeya?" mwenyekiti akauliza. Nikainamisha uso zaidi, maana mzee yuko pale.

Kesho wanarudi, mara ya mwisho. Wakikataa, watoto hawaendi, na sababu ni mimi.

Mama mkwe ametoka hapa sasa hivi, kaleta ndizi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Baba anauliza kesho utasimama wapi. Darasa lina milango miwili, anasema. Yeye ataingia kwa ule wa nyuma."