Mke Wangu Amenitenga Mezani kwa Kanuni Zangu Mwenyewe

Mpendwa mshauri, pole na kazi, naomba uniokoe kabla sijaaibika zaidi ya hapa. Mimi ni mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, baba wa watoto watatu, na hivi ninavyokuandikia nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu ndani ya nyumba niliyoijenga kwa misumari yangu mwenyewe, mke wangu amenitenga.

Si kwa ulevi wala kwa mwanamke, Mungu ni shahidi. Chanzo ni mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, mama mzuri tu isipokuwa masikio yake yamechoka, na Jumapili moja nikiwa natoa matangazo, nami matangazo yangu huwa nayafafanua ili kila mtu aelewe, yeye akiwa benchi la mbele akamnong'oneza jirani yake, lakini kwa masikio yale hajui kunong'ona ni kiasi gani, kanisa zima likasikia: "Huyu mkwe wangu akishika kipaza sauti, huko nyumbani sufuria zinaungua." Mshauri, watu walicheka. Kwaya ilicheka. Mchungaji alijifanya anakohoa kwenye leso, lakini mabega yake niliyaona yanatikisika.

Ningekuwa mtu wa hasira ningemjibu pale pale, lakini mimi ni mtu wa utaratibu, nikaitisha kikao, nikaeleza kosa, nikatoa ushahidi, na kwa kuwa wajumbe wenzangu walikuwa wanaangalia sakafu nikachukulia wamekubali, ndipo mama akapewa adhabu ya kawaida: benchi la nyuma, haombi mbele za watu, hashiriki Meza ya Bwana mpaka atubu. Aliposomewa alisema, "Sawa, baba," ingawa sina hakika kama alisikia. Huko nyuma haambulii neno hata moja la mahubiri, kwa hiyo anasinzia, na kusinzia ibadani nalo ni kosa, ila nimelivumilia kwa kuwa mimi si mkatili.

Sasa mke wangu ndiye katibu wa kamati yetu, kanuni zote alizichapa yeye, na jioni ya siku ile mama aliposomewa adhabu, narudi nyumbani nikakuta kigoda mlangoni. Nikauliza hiki nini, akanijibu, "Benchi la nyuma." Tangu hapo siombei chakula, sili na wenzangu, napakuliwa wakishamaliza, na kitinda mimba wetu ndiye anayeomba, tena kwa sauti, "Na umkumbuke baba aliye nje ya kundi," na wenzake wanaitikia amina kwa furaha ambayo mimi siipendi.

Nilimfuata mke wangu kwa upole.

"Mama watoto, utanisamehe lini?"

"Suala lako liko kwenye kamati."

"Kamati gani?"

"Mimi."

"Basi kaa kikao."

"Akidi haijatimia."

Mshauri, hiyo ni kauli yangu! Nimeitumia miaka yote! Nikaenda kwa mchungaji, akasema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, halafu akaanza kutafuta leso.

Jambo la mwisho. Mama mkwe, mtu aliye chini ya adhabu, kila jioni ananiletea chai hapa kigodani, ananishika bega na kusema, "Kunywa, baba, moyo utulie. Sisi wa nyuma tushikamane." Chai ni tamu, sikatai, lakini kanuni zetu zinamkataza aliyetengwa kumfariji aliyetengwa mwenzake. Je, nimfungulie shitaka la pili? Na je, mke ana mamlaka gani ya kumtenga mzee wa kanisa? Jumapili hii ni Meza ya Bwana na mimi ndiye msaidizi wa kushika kikombe, nitasimamaje pale mbele huku wanangu wananichekea?

Ni mimi, Mzee wa Kigodani.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wa Kigodani, pole. Hiyo imetoka, usitegemee nyingine.

Unauliza kama mkeo ana mamlaka. Hana. Ila ana sufuria, na kwa sasa sufuria inatosha. Kanisa lina haki ya kumkemea mtu wake, hilo silipingi, wapo waliorudi njia nzuri kwa kukemewa na watu waliowapenda. Lakini wewe ulikuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu kwenye kesi moja, na kosa lenyewe lilikuwa kusema kweli kwa sauti kubwa. Umemtoa mama mzee mahali pekee alipokuwa anasikia neno, ukamkalisha asikosikia, kisha unamhesabia usingizi. Nilipofika hapo nilikasirika kweli, ikabidi niweke kalamu chini nikanywe maji.

Na hiyo chai! Mtu uliyemfukuza mezani anakuandalia meza kwenye kigoda chako, na wewe unatafuta kanuni. Mama yule alishakusamehe zamani, hakuitisha kikao, hakusubiri akidi, na sukari akaweka. Umeshikishwa msamaha mkononi ungali moto, unaniuliza uufungulie shitaka. Mzee wangu, una akili timamu kweli?

Jumapili, kabla ya Meza, nenda mwenyewe benchi la nyuma, mshike mama mkono, umrudishe mbele watu wakiona. Ifute adhabu kwa kinywa kile kile kilichoisoma. Uenyekiti uachie, wampe mtu anayeweza kuchekwa akalala usingizi. Matangazo nayo mpe mwingine, na usisimame kueleza sababu, maana tunakujua.

Lakini hayo ni ya Jumapili. Leo jioni chai ikija, inuka, mpishe mama kigoda akae yeye, wewe piga magoti umwambie, "Mama, nilikukosea, nisamehe." Na usinong'one. Masikio yake unayajua, ukinong'ona atakuuliza, "Unasemaje, baba?" Itabidi upaze sauti, watoto wasikie, mkeo asikie, majirani wasikie hadi ng'ambo ya ukuta. Akiuliza tena, rudia. Rudia mpaka asikie.