Raba Zisizoisha

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kitale tuko, ingawa nyanya yako hatoki tena kitandani. Unauliza uiwekee baiskeli yako ya milimani tairi gani: ngumu inayodumu, au laini inayoisha haraka.

Ujanani nilikuwa fundi wa baiskeli Bungoma. Ndugu yangu Wafula alibeba mahindi kwa baiskeli hadi Lwakhakha, mpakani na Uganda, na breki zilimwishia kila mara. Nikamkatia raba za breki kutoka tairi ya lori, ngumu kama jiwe. "Hizi utazeeka nazo, bana," nikamwambia.

Mvua ikamkuta mteremkoni. Alishika breki, zikateleza tu.

Tulipomzika, nilizifungua. Zilikuwa mpya kabisa. Ninazo mpaka leo, sijui nizitupe wapi.

Nunua laini, mama. Ikiisha uniandikie, nitafurahi.

Babu yako