Koki ya Maji ya Moto

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba wapwa zangu wameacha kukohoa. Sisi huku tunapumua. Mama anakula, analala, na bado ananipangia nivae nini. Mimi ndiye niliyechoka. Wenzangu wawili wameacha kazi pale tunapofulia mashuka ya hospitali, na zamu zao nimerithi mimi. Nikifika nyumbani hata kuvua viatu kunanishinda.

Nakuandikia kuhusu bomba la jikoni ulilomnunulia mama, lile la mkono mmoja linalochanganya maji ya moto na baridi. Miezi mitatu iliyopita lilianza kuvuja, tone baada ya tone, kutwa nzima. Mama akasema aitwe fundi. Nikamjibu fundi yumo ndani. Unajua jina mlilonipa, tangu siku nilipofungua redio ya baba na kuifunga huku skrubu nne zimebaki mkononi.

Jumapili nikalifungua. Kumbe mpira wa ndani, upande wa maji ya moto, ulikuwa umelika. Muuza vifaa wa mtaani akasema saizi ile hana, niende duka kubwa. Nilikuwa nimechoka, dada. Nikarudishia kila kitu kama kilivyokuwa, nikapenyeza mkono chini ya sinki, nikafunga koki ya maji ya moto. Kuvuja kukakoma. Mama akanisifu, akasema baba angekuwepo angefurahi. Alipouliza mbona maji ya moto hayaji, nikamwambia ile hita ndogo ya ukutani imeungua, nitamleta fundi umeme wiki ijayo. Na wiki ijayo haikuisha kuja.

Kuanzia hapo mama akawa anachemsha maji ya kuoshea vyombo kwenye sufuria kubwa, anaibeba kutoka kwenye jiko hadi kwenye sinki. Nilimwona. Nikajiambia ni hatua tatu tu.

Dada, mkono wake uliungulia hapo. Hakuwa akipika, wala hakusahau moto kama nilivyokueleza kwenye simu. Nilitunga. Naye alikuwa amekaa pembeni yangu, akaitikia kila neno. Ndipo ukamkaripia, ukasema uzee umemfikia, jiko si lake tena, na kwamba mwisho wa mwezi unakuja kumhamishia kwako. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua tatu, na aliyeitembea ni mama.

Jumamosi iliyopita nilikwenda duka kubwa. Mpira wenyewe hauzidi ukucha. Nikaufunga, nikafungua koki, maji ya moto yakatoka na bomba halikuvuja. Nilipogeuka nikamkuta mama anaifuta hita kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado una bandeji. Nikaanza kumweleza jinsi fundi umeme alivyokuja yeye akiwa hayupo. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Hili boksi nalifuta kila Jumamosi, mwanangu. Halijawahi kupoa hata siku moja."

Sikuwa nimekumbuka kuizima.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hiyo. Akasema angesema, ningeinama tena chini ya sinki, na alikuwa akiniona ninavyorudi kazini. Akaona heri abebe sufuria.

Amenikataza kukuandikia haya. Ameshaanza kukunja nguo zake za safari, polepole, kwa mkono mmoja. Anasema bora wewe umwone yeye mzee kuliko unione mimi mwongo. Nililia, dada, mtu mzima na spana mkononi.

Basi nakuomba, mwisho wa mwezi njoo kutusalimia, usije kumchukua. Mama hajasahau moto wala chochote. Nyumba hii ni yake na jiko ni lake. Ukitaka kumkaripia mtu, nitakuwepo, nimeomba siku mbili za mapumziko kwa ajili hiyo.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto. Mama anasema bomba lako ni zuri. Safari hii ni kweli.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye lile jina la Fundi mlipumzishe kwanza.