Shali Aliyovuliwa Baba

Kwako dada Raizel, uliye Antwerp,

Mvua imefika Yerusalemu, na Mama anakula vizuri.

Ila kaka yetu Zelig ananitia kichefuchefu. Jumamosi kaingia sinagogi amejitanda shali ya sala ya Baba, ile yenye ukosi wa fedha, ambayo Baba alivishwa azikwe nayo! Nikamkabili mlangoni: "Umemvua maiti?"

"Nilimfunika yangu kuukuu. Fedha ya nini udongoni?" Akacheka, mshenzi.

Hajaona kwamba pembe moja haina kishada, ilhali shali ya aliye hai huwa nacho kila pembe. Waoshaji walishakikata, kama wanavyomkatia kila maiti. Sikumwambia.

Jana mkewe kaniuliza, "Wifi, mbona sinagogini wanaume wanamkimbia mume wangu?"

Nikamjibu, "Muulize amevaa sanda ya nani."

Mdogo wako,
Gitl