Salamu ya Mlangoni

Kasulu,
12 Agosti 2014.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Leonidasi, Murungu.

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba goti lako limepoa tangu ushuke kwenye ule mti wa mwisho. Mama hajambo? Wadogo zangu je? Nyuki wamerudi kwenye mizinga ya bondeni? Huku mimi na Shangazi Kezia tu wazima, ila vumbi la Agosti linatukohoza.

Baba, binamu Melkiadi amenifikishia maneno yako. Amesema umeagiza nifunge mizigo nirudi nyumbani Jumamosi nisitoke tena, kwa kuwa binti anayesalimiwa na baba yake mara tatu akakaa kimya, huyo mji umekwisha kumla. Akaongeza kwamba huko kilabuni wananiita Bibi Kamera, na wanauliza kama siku hizi nasalimia mbwa peke yao. Nililia. Kisha nikanawa uso nikachukua kalamu. Unajua kusema ana kwa ana siwezi. Hata shuleni nilikuwa nikiulizwa jina natazama miguu. Kwenye karatasi najaribu.

Acha nikueleze kilichokuwa ndani siku ile, maana wewe uliona mlango tu.

Daktari Loyce, daktari wa mifugo niliyekuja kumfagilia chumba baada ya matokeo yangu ya kidato cha nne, ana mashine aliyopewa na walimu wake walipopata mpya. Ni chuma chembamba kama penseli ndefu, chenye kamera nchani. Mbwa jike akiletwa kufungwa kizazi, daktari hampasui tumbo kwa urefu wa kiganja. Anatoboa matundu matatu, kila moja halizidi haragwe. Tumbo linajazwa gesi kidogo liinuke. Tundu moja linaingia kamera, mawili vyombo vya kushikia na kukatia, naye anafanya kazi yote akitazama runinga. Mbwa wetu wanalala chini, Baba. Kidonda kirefu kinaingia udongo, nyuzi wanazing'oa kwa meno. Haya matundu hupona kabla mbwa mwenyewe hajayagundua.

Anayeshika kamera ni mimi. Daktari alijaribu wawili kabla yangu. Wa kwanza alitetemeka, wa pili alikuwa na maneno mengi kama redio. Aliniambia kazi hii inataka mtu anayeweza kutulia saa nzima bila kufungua mdomo. Sijawahi kusifiwa kwa kunyamaza, Baba. Usiku huo sikumaliza chakula kwa furaha.

Siku uliyokuja, mezani alikuwepo Waseme, mbwa wa Mwalimu Japhet wa Makere. Mwalimu anaishi peke yake, na mwaka jana Waseme ndiye aliyewafukuza wezi dirishani kwake. Alitutania kwamba tukimuua mbwa wake tutaandika wenyewe rambirambi kwa mkewe huko Singida, maana mke anamuulizia Waseme kwanza, mume baadaye. Alicheka. Mwisho akatoka kukaa nje, ndiko ulikomkuta.

Tulikuwa tumefika kwenye mshipa mkubwa. Mwalimu anasema ulisimama mlangoni na debe lako la asali ukanisalimu kwa lugha yetu, Mwakeye. Ukasema tena. Mara ya tatu ukalitaja na jina langu, kisha ukainua debe ukaondoka. Daktari alikukimbilia baadaye hadi stendi, akakuambia jenereta lilikuwa linanguruma, kwa hiyo sikusikia.

Waseme amepona. Siku ya nne alikuwa anafukuza kuku. Mwalimu alimgeuza tumbo akatafuta vidonda asivione, akauliza kama kweli tulifanya kazi au tulimlaza mbwa tu tukawasha runinga. Na katika daftari la kazi daktari ameandika: upasuaji wa tisa, kamera Verediana Leonidasi. Jina lako limo, Baba. Nimelifungua daftari lile mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Sasa nikiri. Jenereta lilinguruma kweli, lakini nilikusikia. Zote tatu. Nilikujua hata kabla ya ile ya kwanza, kwa kikohozi chako.

Mwezi Mei tulikuwa na mbwa wa Mzee Pasikali, mwenye mashine ya kusaga. Mzee alichungulia akanisalimu. Nami, kama mlivyonilea, nikaachia kamera, nikapiga goti, nikapiga makofi ya heshima. Kamera ikateleza. Runinga ikawa nyekundu tupu, na daktari alikuwa ameshika mshipa asiouona tena. Ilibidi apasue tumbo lote atafute damu inakotoka. Mbwa alinusurika, lakini alikaa wiki tano na kidonda. Nilikuandikia kwamba mashine iliharibika. Haikuharibika, ni mimi. Nisamehe kwa uongo huo. Daktari hakunifukuza; alisema adabu yangu ni nzuri, ila siku hiyo ilikosea mahali.

Kwa hiyo uliponiita, machozi yalinitoka, mkono haukutikisika.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la tano, ulinichukua porini nikushikie kamba? Mkono wako ulikuwa umezama mzingani hadi kiwiko. Baba Mkubwa akapita chini akakusalimu, nawe hukujibu, mimi nikaona aibu kwa niaba yako. Uliposhuka ulinawa, ukamfuata mpaka kwake, mwendo wa saa nzima, ukamwamkia. Njiani ukaniambia kwamba mwenye mkono mzingani hajibu salamu, ila akishuka aifuate ilikokwenda.

Mkono wangu ulikuwa mzingani, Baba. Sasa nimeshuka.

Jumamosi nitakuja, lakini bila mizigo. Nitakuja kuifuata salamu. Kisha nitakuomba uniruhusu nirudi, kwa kuwa Jumanne kuna mbwa wa kumi na daktari hana mwingine wa kumshikia kamera. Ukikataa nitatii. Ila kusema kwamba nilikosea kwa kunyamaza siku ile, hilo sitaweza.

Nisalimie Mama na wadogo zangu. Na hao wa kilabuni waambie Bibi Kamera anawaamkia wote.

Wewe pokea hizi tatu nilizokuwekea. Nimeziandika nikiwa nimepiga goti sakafuni kwa Shangazi, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mwakeye.
Mwakeye.
Mwakeye, Baba.

Ni mimi binti yako,
Verediana Leonidasi.