Pasi ya Kona

Jumamosi, Eldoret

Tumeshinda fainali ya vyuo ya mpira wa kikapu na sisikii raha yoyote. Wapinzani walikuja watano tu, hakuna hata sub mmoja wa akiba. Wenzao hawajarudi tangu fujo za uchaguzi. Kocha anasema, "Ushindi ni ushindi, wacha kununa."

Kuna pasi moja niliitupa kona bila kuangalia, mpira ukatoka nje. Hapo ndipo rafiki yangu Kamau alipokuwa anasimama, miaka miwili. Sikuwa nahitaji kumtafuta na macho.

"Unampasia nani?" kocha akafoka.

Januari, katika fujo hizo, vijana wa mapanga waliokuwa wakisaka watu wa kabila la Kamau walipouliza amejificha wapi, pia nilijua. Stoo ya mipira.

Nikawaonyesha. Na waliniuliza mara moja tu.